Mkweche Wenye Namba E

Fundi alilala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, brashi ya waya mkononi, nyuma ya gurudumu la mbele la kulia. Hakuwa anasafisha gari, alikuwa anatafuta namba. Kwenye Land Rover za miaka ile namba ya chasisi imegongwa kwenye kile kipande cha chuma kinachoshika springi ya mbele upande wa kulia, yaani pale hasa ambapo tope la kila masika huenda kulala. Alisugua, akapaka chokaa, akafuta kwa kidole. Tarakimu zikaanza kuchomoza mojamoja kama meno ya mtoto. Sita za kwanza hazikuwa na ubishi. Ya saba ilikuwa 3 au 8, inategemea nani kashika tochi.

"Bosi," akasema kutoka huko chini, "rangi tumepiga, breki tumefunga, injini inawaka. Lakini namba hii ikikataa, hapa una banda la kuku lenye stelingi."

Hakuwa anatukana. Hadi tulipolivuta kwa kamba kulileta Unga Limited, eneo la viwanda na magereji hapa Arusha, gari lilikuwa banda la kuku kweli. Ni Land Rover ya 1966, ile ndefu ya inchi 109, mali ya marehemu mjomba, na ilikuwa imeegeshwa chini ya mwembe kwa zaidi ya miaka 20. Bodi ilikuwa salama kwa sababu ya bahati ya kihistoria. Land Rover ilipoanza kuundwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa kibali, kwa hiyo waundaji wakatumia mchanganyiko wa alumini, ndugu wa sufuria zetu za kupikia. Alumini hailiwi na kutu. Chasisi ni chuma, na hiyo inaliwa. Tulikata sehemu mbili zilizooza, tukachomelea vipande vipya, na tukamshukuru Mungu kwamba kutu iliishia hatua moja kabla ya kufika kwenye namba.

Kazi ya chuma ilichukua miezi 14. Kazi ya karatasi ilichukua zaidi, na huko hakuna hata harufu ya rangi ya kukufariji. Tangu hapo najiuliza ni kitu gani hasa tunachosajili tunaposajili gari la kale lililofufuliwa. Jibu linatofautiana kwa nchi, na linasema mengi kuhusu kinachoipa kila nchi wasiwasi.

Nianze na chombo ambacho watu wa pwani walikizoea kabla ya gari. Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi wamekuwa wakiunda na kukarabati majahazi kwa vizazi. Jahazi likichakaa hupandishwa pwani, ubao mmoja unatoka na mwingine unaingia, mwaka huu mbavu mbili, mwaka ujao mkuku. Baada ya miaka 40 huenda hakuna ubao hata mmoja ulioshuka majini siku ya kwanza. Bado jahazi ni lilelile, lina jina lake, na mtu akikuuliza utamwambia liliundwa na babu yake fulani. Jambo hili halimsumbui mtu pwani. Karani ndiye anayesumbuka nalo, kwa sababu fomu yake ina nafasi ya namba moja tu.

Mwaka 1990 suala hilihili lilifika Mahakama Kuu ya London, na halikuletwa na wanafalsafa. Lililetwa na pauni milioni 10. Kulikuwa na gari la mashindano la Bentley lililojulikana kama Old Number One, lililoshinda mbio za Le Mans mwaka 1929 na 1930 likiendeshwa na Woolf Barnato pamoja na wenzake. Katika miaka iliyofuata lilibadilishwa injini, likabadilishwa chasisi, na mwaka 1932 likapata ajali iliyomuua dereva wake, Clive Dunfee. Likajengwa upya tena. Mnunuzi aliyekubali bei hiyo akasita, akidai kwamba anachouziwa si lile gari lililoshinda. Jaji Otton alipokagua ushahidi aliona kwamba chuma cha 1929 kilichobaki ni kidogo mno, karibu na hakuna. Hata hivyo akaamua kwamba gari ni lile na mauzo yasimame. Si la asili kwa maana ya vipande vyake, lakini ni halisi kwa maana ya maisha yake, kwa sababu halikuwahi kukoma kuwapo na hakuna gari jingine duniani linaloweza kudai jina hilo. Fundi wa Matondoni angelitoa hukumu hiyo bure, tena kabla kahawa haijapoa.

Mamlaka ya usajili ya Waingereza haiwezi kumwita jaji kwa kila gari, kwa hiyo kwa miaka mingi ilitumia hesabu. Gari lililojengwa upya lilipewa pointi: 5 kwa chasisi, 2 kwa mfumo wa springi, 2 kwa ekseli zote mbili, 2 kwa gia boksi, 2 kwa stelingi, na 1 kwa injini. Jumla ni 14. Lilipofikisha 8, na chasisi ikiwa ya asili au mpya ambayo haijakatwakatwa, gari lilibaki na namba yake. Liliposhindwa, lilikaguliwa upya na liliweza kupewa namba inayoanza na herufi Q, ambayo kwa wanaojua maana yake ni mgeni ambaye kwao hakujulikani. Bei ya gari la Q hushuka papo hapo, hata likiwa zima kuliko la jirani. Agosti 2025 waliulegeza utaratibu huu, na anayebadilisha kipande kwa kingine kinachofanana nacho halazimiki tena kutoa taarifa. Wamechelewa kufika Matondoni, lakini wamefika.

Kwangu mimi, pointi moja ya injini ndiyo inayosema mengi kuliko zote. Kwa Waingereza injini ni kitu kinachobadilishwa, kama soli ya kiatu. Kwenye kadi yetu ya gari Tanzania, namba ya injini ina mstari wake sawasawa na namba ya chasisi, pamoja na rangi, aina ya bodi, ujazo wa injini na idadi ya viti. Ukitembea barabara za vumbi za mikoani utakutana na Land Rover nyingi ambazo chini ya boneti ni Wajapani. Injini ya petroli kama ile ya mjomba ilikuwa ya lita 2.25 na ilikunywa mafuta bila aibu, kwa hiyo watu waliokuwa na akili za biashara waliitoa zamani wakaweka dizeli. Kila badiliko la namna hiyo linatakiwa kukaguliwa na kuandikwa kwenye kadi. Mengi hayakuandikwa. Ndiyo maana ukienda kufufua gari la aina hii leo, jambo la kwanza si kuuliza spea. Shika kadi mkononi, ulale chini, usome. Mimi niliuliza spea kwanza.

Wajerumani wamepita njia nyingine. Tangu 1997 wana namba maalumu inayoishia na herufi H, kwa gari lenye umri wa miaka 30 au zaidi. Umri peke yake hautoshi. Mtaalamu hulikagua na kuandika kwamba gari limetunzwa na liko karibu na lilivyotoka kiwandani. Ukiweka rimu za kisasa zinazong'aa, rudi nyumbani. Likikubaliwa, hulipa kodi moja ya euro 191.73 kwa mwaka, liwe na injini ndogo au kubwa. Kwa Wajerumani, basi, gari kuukuu ni kumbukumbu ya taifa inayoruhusiwa kutembea barabarani. Waingereza wamefika mbali zaidi kwa imani: gari likifikisha miaka 40 husamehewa kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 husamehewa hata ukaguzi wa kila mwaka, mradi halijabadilishwa sana ndani ya miaka 30 iliyopita. Yaani gari la miaka 4 halina budi kukaguliwa breki, na la miaka 60 linaaminiwa kwa heshima ya mvi zake. Hoja yao ni kwamba wenye magari haya huyatunza na huyaendesha kidogo. Nikiitazama familia yangu, siwezi kuthibitisha nusu ya kwanza ya hoja hiyo.

Huku kwetu umri wa gari haujawahi kuwa sifa. Ukiliingiza nchini gari dogo lililozidi miaka 10, unatozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu. Kenya haihangaiki na ushuru: gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza halipiti bandarini. Sababu zinaeleweka. Nchi hizi hazikutaka kuwa jalala la magari ambayo wengine wamechoka nayo. Lakini Nairobi hiyohiyo, tangu 1970, kuna mashindano ya Concours d'Elegance ambapo waamuzi waliovaa nadhifu huinama chini ya magari na kutoa alama kwa usafi na matunzo, na magari ya zamani ndiyo hupigwa picha zaidi. Uzee unaopewa kombe uwanjani ni uleule unaorudishwa bandarini.

Na Arusha mwezi Oktoba 2024 tuliona Land Rover kwa mamia zikipangwa kwenye msururu mmoja mrefu, zikitafuta kuvunja rekodi ya dunia iliyokuwa Ujerumani. Zilikuwapo za utalii zilizotoka kuoshwa, na zilikuwapo za wazee zilizokuja zikivuja mafuta kwa utaratibu. Nilisimama kando ya barabara nikihesabu si magari bali kadi. Nilijiuliza ni mangapi kati ya yale ya kale ambayo jina lililo kwenye kadi ni la mtu aliyeshika usukani. Sikutaka kumuuliza mtu, kwa sababu sikukuu ni sikukuu.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti. Ofisi ya Uingereza au ya Ujerumani huuliza: hili ni gari gani? Ofisi ya kwetu huuliza: hili ni la nani? Swali la pili ni gumu zaidi, kwa sababu gari halina tarehe ya kufa, lakini wenye magari hufa. Na wakiwa hai, wengi wameuziana kwa kukabidhiana kadi na karatasi ya wakili, wakiahidiana kwamba kubadilisha jina watakwenda wiki ijayo. Kuna kadi zilizopita mikono minne bila jina kubadilika, na kila mkono ni shahidi unayepaswa kumtafuta. Mmoja amehama, mmoja hakumbuki, mmoja anakumbuka kwamba hakumaliziwa pesa yake.

Mjomba alikuwa mtu wa utaratibu. Jina kwenye kadi lilikuwa lake, limepigwa kwa taipureta, na kadi ilikaa kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo. Kilichobaki ni kwamba alikuwa amefariki bila mirathi kufunguliwa. Hivyo safari ya kwanza ya Land Rover ile kurudi barabarani haikwenda kwenye ofisi ya usajili wala kwa trafiki. Ilikwenda Mahakama ya Mwanzo, na mahakama ilitaka muhtasari wa kikao cha ukoo.

Kikao kilikaa Jumapili. Miaka yote gari lilipokuwa na kuku ndani lilikuwa langu, hakuna aliyebisha. Nilikuwa nimeambiwa mara kadhaa nilitoe pale linaharibu uwanja. Lilipopakwa rangi likawa la ukoo. Binamu mmoja akakumbuka kwamba alifundishwa kuendesha kwa gari lile. Shangazi akasema, kwa upole, kwamba marehemu alimwambia kitu, ingawa hakueleza ni kitu gani. Nilitoa risiti za spea kutoka kwenye bahasha, nikaziweka mezani bila kusema neno, na zilizungumza vizuri kuliko mimi. Mwisho tukakubaliana, msimamizi wa mirathi akateuliwa, na mtoto mmoja wa marehemu aliyeko Kanada akatuma ridhaa yake iliyogongwa muhuri huko.

Msomaji anaweza kuona hili ni la kwetu tu, porojo za ukoo kwenye jambo la injini. La. Uingereza ilipohamishia kumbukumbu za magari kwenye kompyuta, ikafunga milango mwaka 1983, magari mengi yaliyokuwa yamelala mabandani hayakuandikishwa, na namba zao za zamani zikapotea. Leo anayetaka kurudishiwa namba ya awali anahitaji karatasi ya enzi hizo inayounganisha namba ile na chasisi ile, na anahitaji klabu ya magari inayotambuliwa ilikague gari na kulishuhudia. Wazee wa klabu hukaa, hutazama, hukumbuka, huandika. Ni kikao cha ukoo, ila ukoo wenyewe ni wa gari. Hata namba ikirudishwa, haiwezi kuuzwa tena wala kuhamishwa. Inakaa na gari lake hadi mwisho, kama jina la ubatizo.

Ukali huu una sababu moja ambayo wapenzi wa magari ya kale hatupendi kuisema. Gari lililokufa lenye kadi safi ni mali adimu kwa mwizi. Namba ya mkweche uliokatwa vyuma chakavu inaweza kuhamishiwa kwenye gari lililoibiwa, na mkweche ukafufuka ukiwa na sura ya kisasa na kiyoyozi. Afisa anayekutazama kwa shaka ukiwa na kadi ya 1966 na furaha usoni hana ubaya na wewe. Ameshaona ufufuo wa namna nyingine. Kwa hiyo sidai milango ifunguliwe tu. Ninachodai ni kwamba anayelinda mlango awe na swali linalolingana na gari.

Maana siku ya kuingiza taarifa kwenye mfumo, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, binti mpole sana aliandika namba yetu ya chasisi, akabonyeza, akasubiri. Akaandika tena.

"Mzee, namba yako ni fupi."

Nikajua uzee wa gari umeniambukiza. Nikamweleza kwamba namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 ni utaratibu wa kimataifa ulioanza kushika miaka ya 1980. Kabla ya hapo kila kiwanda kiligonga kilivyopenda. Ya kwetu ina tarakimu 8 na herufi moja mwishoni. Tarakimu za mbele zinataja aina ya gari na soko lilikopelekwa, na herufi inataja toleo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama nane zinazokosekana haziwezi kupatikana nyumbani.

Sikucheka, na nashukuru sikucheka, kwa sababu ndiye aliyenipeleka kwa mtu sahihi, mzee mwenzangu aliyekuwa na faili la magari ya aina hiyo, na aliyejua kwamba yako mengi. Yeye ndiye aliyesema ile tarakimu ya saba lazima ithibitishwe na askari mkaguzi. Kadi ilisema 8. Mkaguzi alikuja gereji na kofia yake, akalala kwenye boksi lilelile la fundi, akaizima tochi. Akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya chuma, taratibu, mara mbili.

"Nane," akasema, akainuka akipangusa magoti. Kumbe namba iliyogongwa haisomwi kwa macho.

Ada ya barabara ya mwaka kwa mwaka haikuwapo ya kudaiwa. Ilifutwa kwenye bajeti ya 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, shilingi 40 kwa lita, jambo lililokuwa haki kwa gari lililolala: lisilokunywa halilipi. Nimelifikiria hilo kila ninapopita kituo cha mafuta tangu liamke.

Ikabaki namba. Ile ya zamani, iliyoanza na TZ kwa rangi iliyobabuka, haitumiki tena. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 magari yetu yanavaa T, tarakimu tatu na herufi tatu zinazosonga mbele kwa foleni. Foleni hiyo imekuwa lugha. Watu hawaulizi gari la mwaka gani. Husema ni namba C, ni namba D, na bei inapanda au kushuka kwa herufi. Uingereza ni mwiko kulivalisha gari namba inayolifanya lionekane changa kuliko lilivyo, na gari lililoundwa kabla ya 1980 linaruhusiwa hata kuvaa kibao cheusi chenye maandishi ya fedha kama lilivyozaliwa nacho. Sisi humpa kila anayefika namba iliyoko mbele ya foleni, awe kichanga au kikongwe.

Nilifunga vibao vipya vya njano mwenyewe, kwa bisibisi, mbele ya nyumba. Namba E. Jioni nikalitoa hadi barabara kuu, gia ya tatu ikilia kidogo, kipima mwendo kikionyesha maili. Kwenye taa akasimama pembeni yangu kijana wa bodaboda. Akatazama kibao. Akatazama kioo cha mbele kilichogawanyika katikati, kisha akarudi kwenye kibao.

"Mzee, namba E! Umelivuta lini?"

"Mwezi uliopita."

"Hongera," akasema, taa ikawaka kijani.